Namna ya Kufunga Mifuniko ya Stoo na Vifaa kwenye Kayaki ya Uvuvi Kabla ya Kwenda Ziwa Duluti au Bwawa la Nyumba ya Mungu

Kila mtu wa Arusha au Moshi anaponunua kayaki yake ya kwanza ya uvuvi, maswali yanayofuata huwa ni yaleyale: kwa nini kuna maji ndani wakati sikupinduka, je, ninunue mfuniko mpya, simu niiweke wapi, na kasia nilifunge au niliache huru. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe, kuanzia uani kwako hadi kayaki inapoelea. Msimamo unaouongoza ni huu: funga mfuniko vizuri kadiri uwezavyo, kisha panga vitu vyote kana kwamba mfuniko huo utavuja.

Ninazungumzia kayaki za plastiki za kukalia juu, ambazo ndizo nyingi kwa wavuvi wanaoanza. Zimetengenezwa kwa polietilini, plastiki ya jamii moja na ile ya matangi makubwa ya maji. Ndani yake mara nyingi ni uwazi mmoja usio na ukuta kutoka mbele hadi nyuma, na hilo ndilo linalofanya uvujaji mdogo uwe jambo la kuangaliwa. Maji yakiingia mbele hayabaki mbele. Hukimbilia upande wowote ambao kayaki imeinamia, na kwa kufanya hivyo huiinamisha zaidi. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20 zinazohamahama chini yako wakati wewe unajitahidi kukaa wima. Tundu la kuingizia mizigo nitaliita stoo, kinacholifunika nitakiita mfuniko, na ukanda wa mpira unaoziba kati ya hivyo viwili nitauita raba.

Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kazi inayokatizwa ili mtu aende dukani ndiyo inayoishia na raba iliyowekwa nusu:

- sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki mlaini wa zamani, kitambaa na sponji;
- mafuta ya silikoni ya kupaka raba;
- karatasi ya kawaida, magazeti makavu na ndoo mbili za maji;
- kamba ya nailoni ya milimita 3 au 4, na kiberiti cha kuyeyusha ncha zake zisifumuke;
- mikanda miwili au mitatu yenye vifungo vya plastiki vya kubofya;
- karabina ndogo kadhaa (vipete vya kunasia vyenye mdomo wa springi) na mifuko isiyopitisha maji, ambavyo utavipata kwenye maduka ya vifaa vya kupanda mlima ya Moshi na Arusha;
- madumu matupu ya lita 5 yenye vizibo vizima;
- jaketi okozi linalokutosha, filimbi, na kisu kifupi chenye ala.

Kuhusu karabina, chagua za aluminiamu au za chuma kisichoshika kutu. Zile za mapambo ya funguo hufanana nazo kwa sura tu, na hufunguka zikivutwa.

Jambo la ruhusa nalo limalizwe mapema. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kwa hiyo ulizia leseni katika ofisi ya uvuvi ya halmashauri husika, na uulize pia kama eneo unalokwenda liko wazi kwa uvuvi kipindi hicho. Duluti imo ndani ya msitu wa hifadhi na ina utaratibu wake wa kuingia.

Hatua za kazi

1. Safisha raba na mfereji wake. Kwetu huku adui wa kwanza wa mfuniko ni vumbi. Kayaki iliyopita njia ya vumbi kuelekea Nyumba ya Mungu hufika ikiwa na vumbi laini lililojikusanya palepale ambapo raba hukutana na plastiki. Kama raba inatoka bila kulazimishwa, itoe, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha pitisha mswaki kwenye mfereji inamokaa. Ikishakauka, izungushe polepole kati ya vidole viwili, ukitafuta mpasuko, sehemu iliyobonyea isiyorudi, au kipande cha mshipi kilichonasa. Hicho cha mwisho hupuuzwa sana. Uzi mmoja wa mshipi wa nailoni uliolala juu ya raba, mwembamba kiasi kwamba huuoni mpaka uuguse kwa ukucha, huacha njia mbili za maji, moja kila upande wake. Baada ya kuirudisha raba, ipake mafuta ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kuifanya ing'ae tu.

Tahadhari: usitumie vaselini, mafuta ya kula wala grisi ya gari. Raba nyingi hulainika na kuvimba zikipakwa mafuta ya aina hiyo, na siku ya kwanza utadhani umefanya jambo jema kwa sababu mfuniko utateleza vizuri.

2. Pima mbano kwa karatasi. Kata ukanda wa karatasi wenye upana wa vidole viwili, uweke kwenye ukingo wa stoo nusu ndani na nusu nje, funga mfuniko kama kawaida, kisha uvute. Karatasi inapaswa kugoma au kutoka kwa shida. Rudia kuzunguka mdomo wote, na popote inapotoka bila upinzani weka alama kwa kalamu. Kipimo hiki hakigharimu chochote, nacho hukuonyesha kasoro ilipo, jambo ambalo mfuniko mpya hautakuonyesha. Ikiwa udhaifu uko upande mmoja tu wa mfuniko wenye makomeo, kaza komeo la upande huo au libadilishe. Ikiwa uko pande zote, raba imechoka, na hapo ndipo ununuzi wa raba mpya unapokuwa na maana.

3. Tafuta uvujaji kwa maji, ukiwa bado uani. Tandaza magazeti makavu ndani ya stoo, funga, kisha mwaga maji juu ya mfuniko taratibu kwa dakika tano hivi. Fungua uone magazeti yamelowa wapi. Usipeleke kayaki kwenye mashine ya kuoshea magari kwa ajili ya kipimo hiki, kwa kuwa maji yenye presha kubwa hupenya hata mfuniko mzima na kukupa jibu la uongo.

Halafu geuza kipimo. Iweke kayaki juu ya matairi mawili ya zamani, rudisha kizibo cha kutolea maji, mimina ndoo moja ya maji ndani, uiinamishe huku na huku, na uangalie upande wa chini. Matone utakayoyaona kwenye ribiti, kwenye mishono ya matundu ya kupitishia maji sitahani au kwenye kizibo chenyewe yatakueleza kwamba mfuniko ulikuwa unasingiziwa. Si jambo la nadra. Mtu hubadilisha mfuniko, akabadilisha tena, kumbe maji yanapitia ribiti ya kishikio cha fimbo alichofungiwa na fundi kwa haraka. Toa maji yote kabla ya kuinyanyua kayaki.

4. Funga kila mfuniko kwa kamba yake. Mfuniko ulioachwa huru hupotea siku utakapopinduka, na kayaki isiyo na mfuniko hujaa maji mara moja. Kata kamba ya kutosha kuuweka mfuniko pembeni ya stoo, isiyozidi hapo, yeyusha ncha zake, funga ncha moja kwenye kipete cha juu ya mfuniko na nyingine kwenye kipete cha sitahani. Ncha zote mbili ziwe nje. Ukifunga ncha moja upande wa ndani, kamba italazimika kuvuka raba kila unapofunga, na utakuwa umejitengenezea uvujaji wa kudumu kwa mikono yako mwenyewe. Usitoboe mfuniko ili kupata mahali pa kufungia.

5. Pitisha mkanda juu ya mfuniko. Mfuniko wa kusokota hauhitaji mkanda, mradi uzi wake (mifereji ya kusokotea) umeshika na haukupindwa. Mfuniko wa raba unaobanwa kwenye mdomo, na ule mkubwa wa makomeo ulioko mbele, unauhitaji, kwa kuwa kayaki ikipinduka mizigo ya ndani huusukuma kutoka chini. Mkanda ukae katikati na ufunguke kwa mkono mmoja. Ukaze mpaka usicheze, usiendelee zaidi ya hapo. Ukiukaza kupita kiasi, katikati ya mfuniko hubonyea na kingo zake huinuka, kwa hiyo rudia kipimo cha karatasi mkanda ukiwa umefungwa.

Tahadhari: ile mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda yenye ndoano za chuma isitumike hapa. Ndoano hushika kutu, hukwangua sitaha, na mpira ukichomoka huelekea usoni.

6. Punguza nafasi ya maji kuingia. Jaza sehemu za mbele na nyuma zisizotumika kwa madumu matupu yaliyofungwa vizibo. Madumu 10 ya lita 5 yanachukua lita 50 ambazo maji hayatazipata, hata mfuniko ukiondoka wote. Yafungane yenyewe kwa yenyewe kwa kamba yasitembee. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo, na ndiyo wanaoanza wanayoiruka kwa sababu haina sura ya kitaalamu.

7. Pakia ndani vile tu ambavyo hutavihitaji majini. Kuifikia stoo ya mbele ukiwa majini kunakulazimu uinuke na kuegemea mbele, na hapo ndipo wengi hupinduka. Ndani viwekwe nguo za kubadilisha, chakula cha akiba na vifaa vya matengenezo, kila kimoja ndani ya mfuko usiopitisha maji ambao mdomo wake umekunjwa mara tatu au zaidi kabla ya kufungwa. Kama mifuko hiyo huna, fuata njia ya wapagazi wa Kilimanjaro: mfuko mzito wa plastiki kwanza, begi baadaye. Vizito vikae chini na karibu na kiti, visiwekwe kwenye ncha.

Simu haikai stoo hata kidogo. Iweke kwenye mfuko wake wenye kamba, ndani ya jaketi okozi ulilolivaa, pamoja na filimbi. Siku utakayoihitaji kweli, kwa mfano kupiga 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, huenda kayaki haitakuwa karibu nawe.

8. Funga vya sitahani, kwa uangalifu kuliko vya ndani. Kasia lifungwe kwenye kayaki kwa kamba inayokuruhusu kupiga kasia kwa upana wote bila kukaza, na fimbo ya kuvulia iwe na kamba yake fupi hata inapokuwa kwenye kishikio. Plaizi, sanduku la ndoana na kopo la kukumbia maji vyote vipate karabina. Weka kila kamba kuwa fupi kadiri matumizi yanavyoruhusu, kwa sababu ukipinduka utajikuta chini ya kayaki yako pamoja na kila kamba uliyoiacha ndefu, na ndoana zikiwemo.

Kwa hiyo kuna mambo matatu yasiyo na mjadala. Kamba ya kifaa chochote haifungwi mkononi, mguuni wala kiunoni. Kisu kinakaa kwenye jaketi okozi mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili unaweza kukifikia. Nanga nayo hufungwa mbele au nyuma ya kayaki kwa fundo la kuvuta mara moja likafunguka, na kamwe haifungwi ubavuni, kwani upepo ukivuma kayaki iliyotiwa nanga ubavuni huinama upande wa kamba na kujazwa maji.

Pale Nyumba ya Mungu kuna sababu moja zaidi ya kufupisha kamba, nayo ni matete na mimea ya kingoni, ambayo hushika chochote kinachoburutwa.

9. Safiri kizibo kikiwa wazi. Kayaki ikiwa juu ya keria, mifuniko ifungwe na kukazwa mikanda, kwa kuwa upepo wa barabara kuu huweza kuing'oa, lakini kizibo cha kutolea maji kiwe kimefunguliwa. Sababu ni hewa. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Nyumba ya Mungu iko chini ya mita 700. Hewa uliyoifungia Arusha ni nyepesi kuliko ile inayoizunguka kayaki ukifika bwawani, kwa hiyo kayaki iliyozibwa kabisa hubonyezwa kutoka nje na mifuniko yake hunyonywa ndani. Jua nalo hufanya vilevile: lita 200 za hewa iliyopashwa hadi nyuzi 50 kwenye keria zikipoa hadi nyuzi 25 ndani ya maji hupungua kwa takriban lita 15. Nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu, na kama ukingo wa mfuniko umelowa, kitakachovutwa ndani ni maji. Hili ndilo jibu la swali la maji yaliyoingia bila kupinduka, na ndiyo maana kayaki moja inaweza kukaa kavu Duluti kwa mwenyeji wa Tengeru, halafu ikavuja kwa mtu huyohuyo akishuka bwawani.

Kizibo chenyewe kifunge kwenye jaketi okozi lako. Ukilivaa jaketi, utakikumbuka.

10. Ipoze kayaki kabla ya kuifunga. Ukifika, ishushe kivulini, futa vumbi kwenye kingo za stoo kwa kitambaa chenye unyevu huku mfuniko ungali umefungwa, ndipo ufungue. Ukifungua kwanza, vumbi litaangukia ndani na juu ya raba. Rudisha kizibo, iingize kayaki kwenye maji ya kina kifupi stoo zikiwa wazi, na iache kwa dakika 10 hivi ukiwa unaandaa fimbo. Baada ya hapo funga mifuniko, kaza mikanda, na upitishe kidole kuzunguka ukingo wote.

11. Ipindue makusudi, mara moja, mahali salama. Kabla ya safari ya kwanza ya kweli, fanya jaribio kwenye maji tulivu ya kina kifupi, au kwenye bwawa la kuogelea ukipata ruhusa, ukiwa na mtu wa kukusaidia, umevaa jaketi okozi, bila ndoana yoyote. Usilifanye Nyumba ya Mungu, kwa sababu kuna mamba. Pindua, irudishe, kisha hesabu: kipi kimebaki, kipi kinaning'inia, kipi kimeondoka, na kamba ipi ilikugusa mguu. Kamba iliyokugusa mguu ifupishwe siku hiyohiyo.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Kuna kikombe cha maji ndani mwisho wa siku.* Hilo ni la kawaida, linatokana na matone unapofungua na mvuke unaogeuka maji ndani. Kausha kwa sponji. Ikifika nusu ndoo, rudi hatua ya 3.

*Mfuniko umegoma kufunguka baada ya safari.* Umenyonywa na hewa. Fungua kizibo usubiri kidogo, nao utaachia. Usiukongoe kwa bisibisi, maana utakwangua ukingo ambao raba inautegemea.

*Mfuniko wa kusokota unakwama nusu njia.* Kuna mchanga kwenye uzi. Urudishe nyuma, osha nyuzi zote mbili, wa mfuniko na wa mdomo, uanze upya kwa mkono mwepesi. Kuulazimisha hukata uzi, na plastiki iliyokatika uzi haina matengenezo ya maana.

*Ribiti inavuja.* Itoe kwa drili, weka mpya yenye washa na utepe wa butili (raba laini inayonata) chini yake. Silikoni ya dirisha haishiki vizuri kwenye polietilini. Hubanduka yote kama ganda la ndizi baada ya jua la siku chache, hata kama muuzaji amekuapia.

*Kuna ufa.* Mpelekee fundi wa kuchomelea plastiki, lakini mhimize atumie kijiti cha polietilini. Wengi wamezoea bampa za magari, ambazo mara nyingi ni plastiki nyingine, na plastiki mbili tofauti hazishikani hata zikichomelewa kwa ustadi.

*Kayaki imekuwa nzito na inachelewa kurudi wima ukiwa katikati ya maji.* Ndani kuna maji. Usifungue stoo kuhakikisha. Kusanya fimbo, kaa chini kadiri uwezavyo, elekea ukingo ulio karibu zaidi badala ya ule ulioegesha gari, na upige kasia kwa utulivu bila kuegemea upande wowote. Upepo ukiwa umekwisha kuamka, piga filimbi ungali unaonekana na wavuvi wengine, usingoje mpaka upinduke. Ukifika kavu, toa maji kupitia kizibo kabla ya kujaribu kuivuta, kisha rejea magazeti na ndoo ukishafika nyumbani.